Kampuni Imekua: Na Mfanya Kazi Je?



Mwezi uliopita wenzetu watatu walifika katika afisi ya tawi wakiwa na karatasi moja. Wote ni wafanya kazi wa hoteli moja ya pwani ya kusini, ambayo jina lake tunaliacha kwa kuwa mazungumzo bado yanaendelea. Karatasi hiyo ilisema kwamba kuanzia msimu ujao hoteli yao itageuka kuwa ya "kila kitu ndani". Maana yake, mgeni atalipa mara moja tu huko kwao Ulaya, na akifika hapa atalala, atakula, atakunywa na kucheza bila kutoa hata senti. Chini ya karatasi palikuwa na mstari wa kutia sahihi, kwamba mfanya kazi amesoma, ameelewa na amekubali.

Mmoja wao ni mzee ambaye amehudumu mezani tangu ujana wake. Hakupiga kelele, hakulaani mtu. Alituuliza swali moja tu: "Ndugu zangu, nikitia sahihi hapa, nakubali nini?"

Hilo ni swali zuri kupita maswali mengi tunayoulizwa. Tumeona yafaa kulijibu mbele ya wanachama wote, maana karatasi kama hiyo itafika katika hoteli nyingine, na pengine imekwisha kufika kwako wewe usomaye. Nasi tutalijibu kwa kutazama mbali kidogo. Mtu akitaka kujua mti huu utazaa nini, na aende akautazame pale ulipokwisha kuzaa.

MTINDO HUU ULITOKA WAPI

Mtindo huu si mpya. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Gérard Blitz, aliyekuwa mchezaji wa polo ya majini, alianzisha kambi ya mapumziko huko Alcúdia katika kisiwa cha Majorca, Hispania. Wageni walilala katika mahema, wakala pamoja kwenye meza ndefu, na yote yalikuwa yamelipiwa kabla ya safari. Kambi hiyo ndiyo mwanzo wa Club Med. Aliyeuza mahema, Gilbert Trigano wa Ufaransa, baadaye akawa mkuu wa kampuni yenyewe. Ilianza kama chama cha watu wa kawaida waliotaka jua na bahari kwa bei nafuu. Mwaka 1966 ikaingia katika soko la hisa la Paris, na mwaka 2015 ikanunuliwa na kampuni ya Kichina iitwayo Fosun. Hivyo ndivyo mambo ya fedha yaendavyo: jambo huanza na mahema, likaishia mikononi mwa watu ambao hawajalala katika hema hata usiku mmoja.

Lakini somo kubwa zaidi liko Jamaica. Kisiwa hicho kilitawaliwa na Waingereza kama sisi, kikapata uhuru mwaka 1962, mwaka mmoja kabla yetu. Kina mchanga mweupe na minazi kama sisi, na vijana wengi wanaotafuta kazi kama sisi. Huko mwaka 1978 John Issa alifungua hoteli iitwayo Couples karibu na mji wa Ocho Rios, ya watu wawili wawili tu, mtu na mwenzake, na kila kitu ndani. Miaka mitatu baadaye akatokea mfanya biashara aitwaye Gordon Stewart, ambaye watu wa kwao walimwita "Butch".

Bwana Stewart alizaliwa mwaka 1941. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa mtoto wa miaka 12 aliwauzia wenye hoteli samaki. Mwaka 1968 alianzisha biashara ya kuuza mashine za kupoza hewa, nayo ikastawi. Kazi ya hoteli hakuijua. Lakini mwaka 1981 hali ya Jamaica ilikuwa mbaya. Uchaguzi wa mwaka uliotangulia ulikuwa wa damu nyingi, wageni walikuwa wameikimbia nchi, na hoteli kadhaa zilikuwa zimeachwa na wenyewe. Mtu mwenye fedha wakati kama huo hununua rahisi. Akanunua hoteli iliyochakaa mjini Montego Bay, iitwayo Bay Roc, yenye vyumba 99, akaitengeneza, na kabla mwaka haujaisha akaifungua kwa jina la Sandals.

Hoteli hiyo ilikuwa kando ya uwanja wa ndege, na ndege zilipita juu ya vichwa vya wageni kwa kishindo. Mwingine angelia hasara. Yeye akawaambia wageni kwamba kila ndege ipitapo, waipungie mkono na kubusiana. Wageni wakacheka, wakafanya hivyo, na kero ikawa mchezo. Twayasema haya ili ndugu wasidhani kwamba matajiri hukua kwa bahati tu. Hukua pia kwa akili, na anayeshindana nao kwa hasira bila akili hushindwa mapema.

Kutoka hoteli hiyo moja kampuni ilienea Jamaica nzima katika miaka ya 1980. Mwaka 1991 ikavuka bahari hadi Antigua, kisha katika miaka iyo hiyo ya 1990 ikaingia Saint Lucia na Bahamas. Mwaka 1997 ikafungua hoteli za jina la Beaches kwa ajili ya watu wenye watoto. Tangu mwaka 1994 hadi mwisho wa 2004 Bwana Stewart na wenzake walikuwa wakiongoza hata shirika la ndege la Air Jamaica. Grenada ilifuata mwaka 2013, Barbados mwaka 2015, Curaçao mwaka 2022, na Saint Vincent mwaka 2024. Mzee mwenyewe alifariki Januari 2021, na mwanawe Adam akashika usukani. Kampuni iliyoanza na vyumba 99 sasa ina maelfu ya wafanya kazi katika visiwa vingi.

MEMA YASEMWE KWANZA

Sisi si watu wa kulaani kila kitu cha tajiri. Mfanya kazi mwenye kusema uongo juu ya tajiri wake hatasadikiwa hata siku atakaposema kweli.

Wema wa kwanza ni huu. Hoteli ya namna hiyo hujaza vyumba vyake mapema, kwa kuwa mgeni amelipa miezi kadhaa kabla ya kuja. Tajiri anajua mwezi wa nane atakuwa na watu wangapi. Basi anaweza kuajiri watu kwa mwaka mzima badala ya kuwaita na kuwafukuza kama kuku. Sisi wa pwani tunajua mateso ya msimu. Kaskazi likivuma, Desemba hadi Machi, hatupati hata nafasi ya kuzika jamaa. Masika yakianguka, Aprili hadi Juni, tunaambiwa twende nyumbani kwa "likizo bila malipo", kana kwamba watoto nao wako likizo ya kula.

Wema wa pili ni kwamba kampuni kubwa inaweza kufundisha watu. Mwaka 2012 Sandals ilianzisha chuo chake chenyewe kwa ajili ya wafanya kazi wake. Hapa kwetu Chuo cha Utalii cha Nairobi kimefundisha watu tangu miaka ya 1970, lakini ni wangapi kati ya waosha vyombo na watandika vitanda wetu waliowahi kupelekwa huko hata kwa wiki mbili? Jambo jema la mwenzako si aibu kuliiga.

Wema wa tatu, Bwana Stewart alikuwa mtu wa Jamaica. Faida yake nyingine ilirudi katika nchi yake, ingawa si yote. Hapa pwani wenye hoteli wengi wako mbali sana, na wengine hatujawahi kuwaona hata sura.

SASA UPANDE WA PILI

Tulipeleleza njia ya fedha, maana fedha ndiyo ionyeshayo ukweli. Mgeni wa hoteli ya zamani alikuja na pesa mfukoni. Alinunua soda kwenye baa, akamwachia mhudumu bakshishi. Alitoka langoni akapanda teksi, akala samaki kwenye mkahawa wa mtaani, akanunua kinyago na kanga, akampa kijana wa madafu shilingi zake. Pesa ilitawanyika kama mtama kwa kuku, na kila mmoja akadonoa.

Mgeni wa "kila kitu ndani" hulipa kwa wakala wa safari kabla hajapanda ndege. Hoteli za Sandals, kwa mfano, ziko Karibi, lakini wakala wake mkuu, Unique Vacations, ana afisi zake Miami, Marekani. Mgeni akifika amefungwa utepe mkononi, na utepe huo ndio pesa yake. Kwa nini atoke nje kununua samaki ilhali samaki amekwisha kumlipia? Wachuuzi na wachongaji wa Jamaica wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wageni wanaongezeka katika hesabu za Serikali lakini hawaonekani sokoni. Wachuuzi wetu wa Diani, Bamburi na Watamu wanaimba wimbo uo huo.

Ndugu mmoja atasema, "Hayo ni ya wachuuzi, mimi nina kazi yangu ndani." La, ndugu. Hebu tutazame ndani.

Kwanza, bakshishi. Katika hoteli za Sandals kutoa bakshishi kumekatazwa, isipokuwa kwa watumishi maalum wa wageni wa vyumba vya juu na kwa wakandaji. Hata pale ambapo hakukukatazwa, mgeni anayetembea na kaptura ya kuogelea na utepe hana noti ya kutoa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mhudumu wa meza hupata bakshishi ya shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni shilingi 5,200 kwa mwezi. Haimo katika karatasi ya mshahara, lakini imo katika karo, katika unga na katika kodi ya nyumba. Siku hoteli inapogeuka, shilingi hizo zinatoweka, na mshahara wa karatasini unabaki uleule. Tajiri atasema hakupunguza hata senti moja. Kwa hesabu ya karatasi anasema kweli. Kwa hesabu ya sufuria, amekupunguzia shilingi 5,200.

Pili, kazi huongezeka. Mgeni anayelipia kila gilasi hunywa mbili. Mgeni ambaye gilasi haimgharimu kitu hunywa sita, na tatu kati ya hizo huziacha nusu. Baa iliyofunguliwa jioni sasa hufunguliwa asubuhi. Meza ya chakula cha kujipakulia hujazwa mara tatu kwa siku, na katikati kuna keki, vitafunio na matunda. Gilasi hizo zaoshwa na nani? Mabaki hayo yachukuliwa na nani? Na kwa kuwa wageni wanajipakulia wenyewe, meneja hutazama orodha ya wahudumu akaona kumi ni wengi, sita watatosha.

Tatu, faida hutoka wapi. Katika hoteli ya zamani tajiri aliongeza faida kwa kuuza zaidi. Katika hoteli ya namna hii bei imekwisha kufungwa Ulaya, tena mawakala wakubwa huibana chini kila mwaka. Kwa hiyo tajiri akitaka faida zaidi, njia iliyobaki ni kupunguza gharama. Gharama ni chakula, umeme, maji na watu. Mgeni akipewa nyama mbaya atalalamika na wakala atasikia. Mfanya kazi akipewa mkataba mbaya, nani atasikia? Ndiyo maana vibarua huongezeka, na kazi za bustani, za ulinzi na za kufua hupewa kampuni za nje ambazo wafanya kazi wake hawamo katika mapatano ya Chama.

Nne, nguvu juu ya Serikali. Kampuni ikikua sana, huzungumza na Serikali kama nchi kwa nchi. Barbados ilipoipa Sandals misamaha ya kodi na ushuru ya miaka mingi mwaka 2013, wenye hoteli wengine walisimama wakadai nao wapewe vivyo hivyo. Kodi iliyosamehewa ni dawa ambayo haikununuliwa na dawati ambalo halikutengenezwa. Huenda nchi hupata zaidi kuliko inavyotoa, huenda haipati. Lakini wafanya kazi wana haki ya kuonyeshwa hesabu hiyo, maana ni wao wanaokatwa kodi kila mwezi bila msamaha.

HABARI YA BAHAMAS

Kuna jambo moja la mwaka 2016 ambalo kila mwanachama yafaa alijue. Mwezi wa Agosti mwaka huo hoteli ya Sandals ya Nassau, Bahamas, ilifungwa ghafula, na wafanya kazi kama 600 wakaachishwa kazi kwa mpigo mmoja. Kampuni ilisema hoteli ilihitaji matengenezo makubwa, na kwamba watu walilipwa haki zao na wangeweza kuomba kazi tena. Chama cha wafanya kazi kilisema kwamba kwa miaka mingi kilikuwa kinadai kukaa mezani kuandika mapatano, na kwamba kufunga huko kulikuwa njia ya kukiua.

Sisi hatukuwapo, na hatutajifanya mahakimu. Lakini kila mtu ajiulize: mfanya kazi wa miaka kumi anapoachishwa kisha akaajiriwa tena katika hoteli ileile, je, anarudi na miaka yake kumi, au anarudi kama mgeni? Na kama hakuna mapatano yaliyoandikwa, ni nani atakayemwuliza meneja swali hilo? Watu 600 ni wengi. Lakini watu 600 wasio na mapatano ni mtu mmoja mmoja mara 600.

NA SISI HAPA

Hapa kwetu tumekwisha kuonja jinsi biashara hii ilivyo nyepesi kama unyoya. Ghasia za Likoni mwaka 1997 ziliwafukuza wageni. Bomu la Kikambala la Novemba 2002 liliua Wakenya na wageni, na waliokufa kati yetu walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kisha Mei 2014, Uingereza ilipowaonya raia wake na kampuni za safari zikawaondoa wageni wao Mombasa kwa ndege kabla ya siku zao. Kisha korona ya 2020, hoteli zikafunga milango. Kila mara tajiri alisema, "Tuvumiliane, sote tumo katika mashua moja." Tukavumilia. Lakini mashua ilipozama ni sisi tuliokuwa chini, na ilipoelea tena hatukuitwa sitahani.

Basi tunarudi kwa mzee wetu na karatasi yake. Wako wanachama waliotutumia maneno makali, kwamba Chama kikatae mtindo huu kabisa na kuitisha mgomo kwenye kila hoteli itakayougeukia. Tumewasikia, na hasira yao tunaielewa. Lakini hatukubaliani nao. Mwenye hoteli ana haki ya kuchagua namna ya kuuza vyumba vyake. Tukigoma kuzuia utepe wa mkononi, wananchi hawatatuelewa na mahakama haitatuunga mkono. Tutapoteza nguvu zetu juu ya jambo ambalo si letu, na siku ya jambo lililo letu tutakuwa mikono mitupu.

Wako na wengine wasemao, "Tutie sahihi tu, kazi ni haba." Hao nao hatukubaliani nao. Anayetia sahihi kwa woga leo ataletewa karatasi nyingine kesho.

Lililo letu ni mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba masharti ya kazi yaliyoandikwa yakibadilika, tajiri sharti ashauriane na mfanya kazi na kumjulisha kwa maandishi. Kushauriana si kutandika karatasi mezani na kalamu juu yake. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka huohuo yasema tajiri sharti akitambue chama chenye wanachama walio zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kujiunga, na mapatano yakikwisha kuandikwa huingia katika mkataba wa kila mmoja. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Sheria hizi hazikuanguka kama mvua. Watu walifungwa na wengine wakafa ili ziandikwe. Ni aibu kuziacha zikae kabatini.

Kwa hiyo Chama chashauri kwamba kila hoteli inayogeuka, wajumbe wetu wadai mambo haya matano kabla ya mtu yeyote kutia sahihi:

1. Bakshishi inayopotea ihesabiwe na kuingizwa katika mshahara, au malipo ya huduma yatengwe katika kila siku ya mgeni na kugawiwa wafanya kazi wote, wa mbele na wa nyuma, kwa hesabu iliyo wazi ukutani. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipitisha mapatano ya kazi za hoteli huko Geneva mwaka 1991, Namba 172, yasemayo kwamba mfanya kazi sharti alipwe mshahara wa msingi kwa vipindi maalum, bila kujali bakshishi. Bakshishi ni sukari. Mshahara ndio ugali.

2. Idadi ya watu katika kila zamu iandikwe. Baa ikiongezewa saa, iongezewe watu. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni sheria, si hisani ya meneja.

3. Kama tajiri atapata vyumba vilivyojaa mwaka mzima, basi na sisi tupate kazi ya mwaka mzima. Sheria yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja huwa mfanya kazi wa mwezi. Asiachishwe siku ya ishirini na tisa na kuitwa tena siku ya pili yake, kana kwamba hatujui kuhesabu.

4. Ikiwa watu watapunguzwa, Chama na afisa wa kazi wapewe notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasipungue mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa kazi, kama sheria isemavyo. Anayerudi baada ya matengenezo arudi na miaka yake.

5. Hoteli inunue kwa majirani: samaki kwa wavuvi, mboga na nazi kwa wakulima, mayai kwa akina mama. Na wachongaji na wauza kanga wapewe siku na mahali pao ndani ya uwanja wa hoteli. Jirani mwenye njaa hawezi kuwa ukuta wa hoteli.

Jambo la tano limewashangaza wanachama wengine. Wanauliza, Chama cha wafanya kazi wa hoteli kinatafuta nini kwa wachuuzi? Ndugu, turudi nyumbani jioni tutazame. Mchuuzi wa ufukweni ni ndugu yako. Dereva wa tuktuk ni shemeji yako. Mama wa chapati ndiye anayekukopesha kabla ya mwisho wa mwezi. Wakikauka wao, mshahara wako mmoja utalisha nyumba tatu. Tena, tukisema ukweli, baadhi yetu tukivaa sare ya hoteli huwafukuza watu hao kama mbwa ili tumpendeze meneja. Jambo hilo likome.

Na kwa kuwa tumeanza kujisema, tumalizie. Katika hoteli ya wale wenzetu watatu, waliolipa ada ya Chama mwezi uliopita hawafiki nusu. Wengine wanangoja kuona nani atashinda ndipo wajiunge. Wengine wamenunua kazi yao kwa kumpa msimamizi kitu kidogo, na sasa wanaogopa kumtazama usoni. Mapatano yale ya Geneva yalipinga pia kuuza na kununua kazi katika hoteli, maana wakuu wa dunia walijua ugonjwa huo uko kila mahali. Tajiri wa Jamaica alianza na hoteli moja chakavu akajenga visiwa vizima kwa sababu hakuacha kuongeza chumba juu ya chumba. Nasi tunajenga kwa mtu juu ya mtu. Hakuna njia nyingine.

Mzee wetu hakutia sahihi. Hakugombana na mtu. Alimwambia meneja kwa adabu kwamba ataitia siku mjumbe wa Chama atakapokuwa amekaa naye mezani na mambo matano yameandikwa. Wenzake 41 wakasema vivyo hivyo. Meneja ameomba mkutano, nao utafanyika kabla ya mwisho wa mwezi huu. Tutawaarifu matokeo yake katika toleo lijalo, yakiwa mazuri au mabaya.

Kwa wakati huu twawaomba jambo moja. Ukiletewa karatasi, usiichane, wala usitie sahihi. Ikunje vizuri, uitie mfukoni, uilete kwenye afisi ya tawi. Mlango uko wazi kila siku ya kazi, na Jumamosi hadi adhuhuri.

Umoja ni nguvu.